Mkono wa Nakiete

"Mkono mrefu hauongezi umri." Mmeisikia methali hii leo, mkacheka, kisha mkataka kujua ilikozaliwa. Basi tulieni. Ilianza huku huku kwetu milimani Upare, enzi ambazo mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Mtoto akipelekwa shule, aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, umri umetimia. Asipolifikia, akachunge mbuzi kwanza. Nakiete alikuwa na mikono mirefu ya marehemu babu yake. Alilishika sikio mara moja, mama yake akapiga vigelegele. Kwamba binti alizaliwa mwaka wa nzige, miaka kadhaa baada ya wenzake, hakusema. Nani angetangaza hayo siku ya sifa?

Ukaja mtihani wa kufunga mwaka. Nakiete akawa wa mwisho.

"Mama Nakiete," Mwalimu Senzota akasema, "mtoto wako ni mzito. Nafasi ni chache. Asirudi tena."

Mama aliona aibu, kisha hasira ikampanda. Nyumbani alimsikia binti huyu akiwahesabu mbuzi bila kukosea. Akawatazama watoto waliojaa mlangoni wakichungulia, wanacheka, mapengo matupu.

"Mwalimu, waambie wafungue vinywa."

Mwalimu alidhani mama amechanganyikiwa, lakini aliwaambia. Wote walikuwa na mapengo, au meno mapya makubwa. Nakiete naye akafungua: meno ya utoto, madogo, yamejipanga kama punje za mahindi machanga.

"Halijang'oka hata moja," mama akasema. "Mkono ni wa babu yake. Miaka ni yake, nayo ni michache. Kosa ni langu, nilinyamaza."

Mwalimu akalifungua tena daftari la majina.

"Nami nilipima mkono," akasema, "kisha nikatahini kichwa. Mwakani ataanza upya na rika lake."

Akaanza upya. Matokeo yaliposomwa mbele ya wazazi, Nakiete alikuwa wa pili. Mama alilia waziwazi, wala hakujifuta.

"Mtoto huyu nilimwita mzito," Mwalimu akawaambia wazazi. "Ni yuleyule. Kipimo changu ndicho kilichokuwa kibovu. Nilimtahini pamoja na wakubwa zake, nikamlaumu kwa kuwa mdogo. Jamani, mkono mrefu hauongezi umri."