Kitabu cha Mtu Ambaye Hakufika

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mama Mbaruku alikuwa akichambua maharage mbele ya nyumba yake, kijijini Kwemlungu katika milima ya Usambara, simu ilipolia.

Mwanawe Mbaruku, mpishi wa meli ya abiria, alikuwa ameugua baharini, akashushwa katika kisiwa kidogo cha Karibi kiitwacho Sent Odil. Huko alifariki, na huko akazikwa. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tutarejea.

Tangu saa ile mama yule alitembea kama mtu aliye usingizini. Alipika, alisali, aliitikia salamu, lakini kila kitu kilimjia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde lenye ukungu. Jambo moja tu lilikuwa wazi kwake. Alitaka kusimama penye kaburi la mwanawe na kumwombea dua.

Mwaka ulipopita, kampuni ya meli ikawapa tiketi mbili, yake na ya binti yake Mwanaisha, ambaye ni muuguzi. Wangekaa kisiwani siku nne tu. Baharia aliyemzika Mbaruku alikuwa amewaandikia mstari mmoja: "Tumemlaza Belfonte, nyuma ya mlima." Kisha naye akarudi baharini, na simu yake haikupatikana tena.

"Mama, hatuwezi kwenda kama vipofu," alisema Mwanaisha. "Tutafute kitabu cha wasafiri."

Wakateremka hadi Tanga, kwenye duka la vitabu la Bwana Gervasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Bwana Gervasi akapanga mezani vitabu vitatu vya Sent Odil. "Hiki ndicho kinachopendwa. Itazame hiyo bahari ya jaladani, utadhani imepigwa pasi. Hiki cha pili kinene, kina kila kitu. Na hiki chembamba, kusema kweli, kimezeeka hapa kuliko mimi."

Mama Mbaruku hakugusa hata kimoja. "Baba, watu waliovitunga hivi wameandika pia kuhusu nchi yetu?"

"Wameandika. Lakini si unakwenda Karibi?"

"Karibi siijui. Wakinidanganya nitajuaje? Niletee vya kwetu."

Bwana Gervasi akacheka, akapanda ngazi, akashuka na vingine vitatu. Vilikuwa vya Kiingereza, basi Mwanaisha akatafuta habari za Kwemlungu, akawa anasoma na kufasiri.

Mtungaji wa kile kinachopendwa aliandika kwamba kutoka sokoni hadi maporomoko ya Kwemlungu ni mwendo wa nusu saa, na kwamba wenyeji humwimbia mgeni njia nzima.

"Nusu saa?" alisema mama. "Labda kwa anayeporomoka. Na nani aliimba?"

"Pengine walikusikia wewe ukifukuza nyani shambani," alisema Mwanaisha, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mama yake akatabasamu.

Kitabu kinene kilitaja kila kilima kwa jina lake, bila kukosea. Lakini Kwemlungu yenyewe ilipewa sentensi moja: "Pita moja kwa moja, hakuna cha kuona."

Mama Mbaruku akakisogeza kando kitabu kile. Pale pasipo na cha kuona ndipo alipoolewa, ndipo alipomzaa Mbaruku, na ndipo alipolala mumewe.

Mtungaji wa kitabu chembamba aliandika hivi: "Kwemlungu sikufika. Mvua ilinikuta njiani nikarudi, na kosa ni langu, kwa kuwa niliiacha hadi siku ya mwisho. Usinisikilize mimi. Barabara inapokwisha, muulize mwanamke yeyote mwenye jembe."

"Nichukulie cha Sent Odil cha huyu," alisema mama.

Bwana Gervasi akavua miwani. "Mama yangu, huyo anakiri kwa mkono wake kwamba hakufika."

"Ndiyo. Wale wawili nao hawakufika, ila hawakuniambia."

Mwanaisha hakufurahi. "Tuna siku nne tu, mama. Si wakati wa kumhurumia mtu aliyeshindwa na mvua." Lakini mama alikwisha kukikumbatia kitabu, nao wakatoka.

Walisafiri. Mama Mbaruku hakuweza kusema baadaye ni ndege ngapi walipanda, kwani mawingu yalipita chini ya miguu yake na usiku ukaja mahali pasipo pake, na yeye akawa anavuta tasbihi tu. Waliposhuka Sent Odil, aliona milima ya kijani imejifunika ukungu hadi mabegani, kama ile ya kwao. Kwa muda hakujua kama amefika au bado hajaondoka.

Wakala wa meli aliwapokea bandarini. Alikuwa kijana mstaarabu, lakini habari zake zilikuwa nzito.

"Nilikwenda Belfonte jana kwa ajili yenu," alisema. "Nilizunguka kijiji kizima na gari. Kila niliyemuuliza ananiambia hajui kaburi la mgeni. Poleni. Kaeni mjini mpumzike."

Jioni ile Mwanaisha alilia. Mama yake akasema, "Kifungue kitabu chetu."

Habari za Belfonte zilikuwa mistari michache. Mwanaisha akasoma: "Nilikaa hapa asubuhi moja tu, kwa hiyo siijui Belfonte, wala makanisa yake na makaburi yake sikuyaona. Jambo moja nalijua, maana nililikosea. Usiulize lolote kabla hujasalimia. Shuka garini, salimia, ngoja uitikiwe. Asiyesalimu hapa hajibiwi, hata akiuliza maji."

Mama Mbaruku akafunga macho. "Kumbe ni kwa watu kama sisi," alisema.

Asubuhi wakapanda basi hadi nyuma ya mlima, wakashuka pale lami ilipokwisha, wakatembea. Kwenye nyumba ya kwanza mwanamke mmoja mnene aliyefunga kitambaa cha njano alikuwa akikuna muhogo. Mwanaisha akafungua mdomo kuuliza. Mama akamshika mkono.

Akasogea mwenyewe, akainama kidogo, akatoa salamu kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha nyingine hakuwa nayo. Mwanamke yule akamtazama, akaitikia kwa lugha yake. Mama Mbaruku akaketi, akachukua kisu kilichokuwa kando, akaanza kumenya muhogo. Wakamenya na kukuna bila neno hadi beseni likajaa.

Ndipo mwenyeji akamgeukia Mwanaisha, akasema kwa Kiingereza. "Mwambie mama yako namuuliza, amekuja kwa nani?"

"Kwa mwanawe. Alikuwa mpishi wa meli."

Mwanamke akaweka kikunio chini. Akafuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Juzi alikuja mtu," alisema. "Alituuliza akiwa ndani ya gari, injini inanguruma, bila hata habari za asubuhi. Tukamwambia hatujui. Mtoto wa watu tumeachiwa amana, hatumtoi kwa mtu wa namna hiyo."

Akamwinua Mama Mbaruku, akampeleka nyuma ya nyumba, penye makaburi ya ukoo wake. Pembeni mwa mume na mama wa mwenyeji huyo kulikuwa na kaburi la tatu, limezungushiwa mawe meupe, limepaliwa.

"Hakuwa na mtu huku," alisema, "tukamweka kwa watu wetu. Mwenzake alitusihi tumlaze kwa ubavu wa kulia, uso uelekee upande aliotuonyesha. Tulifanya kama alivyosema."

Mwanaisha alifasiri kwa shida. Mama Mbaruku akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akaanza Fatiha. Mwanamke wa Belfonte hakuyajua maneno yale. Akapiga magoti naye.

Funzo: Ukitafuta kitabu au mtu wa kukuongoza, mpime kwanza kwa unalolijua, kisha mwamini yule asiyekuficha pale ujuzi wake unapokoma. Na ukifika ugenini, tanguliza salamu.

Unapomtumia mwenzio hadithi hii, mtumie na dua yake. Ewe Mola, mrehemu Mbaruku, na kila aliyezikwa mbali na mama yake. Yapanue makaburi yao, yatie nuru, na wape majirani wema hadi siku utakayotukusanya. Amina.