Bi Mwatime na Chungu Kilichonyimwa Pumzi

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa huko nyuma, mmeitika au mmepiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, enzi ambazo harufu nzuri haikupatikana ila kwa moto na subira, palikuwa na kijiji bondeni. Kijiji kile kilinukia. Mgeni akiteremka mlimani, pua yake ilifika kabla ya miguu yake. Watu wake walikeneka marashi. Walichukua asumini na mrehani, wakatia chunguni na maji, wakainjika juu ya mafiga. Juu ya chungu, mfuniko wenye tundu. Kwenye tundu, mwanzi mrefu. Mwanzi ukapita kwenye hori la maji baridi, ukashukia mdomoni mwa kibuyu. Maji yakichemka, mvuke unapanda. Unapita mwanzini, unapoa, unageuka matone.

To! To! To!

Hayo ndiyo marashi.

Na fundi wa marashi alikuwa Bi Mwatime. Mwanamke mtu mzima, mwenye pengo mbele na kicheko cha kuku anayetaga. Mvuke ukivuja nyumba ya tatu, yeye alijua. Alikuwa akisema, "Nani huyo anayewapikia nzi marashi?"

Sasa Bi Mwatime alikuwa na mtoto wa kaka yake, jina lake Pongwa. Mtu mwema, ila mwenye shingo ngumu. Mbuzi wa Pongwa aliingia uani kwa shangazi yake, akala mrehani mpaka mizizi. Pongwa hakwenda kuomba radhi. Bi Mwatime akamtania mbele za watu, "Mbuzi wako ana adabu kukushinda, Pongwa. Yeye angalau alikuja kunitembelea." Watu wakacheka. Pongwa akanuna. Akanuna mvua za masika, akanuna mvua za vuli. Salamu zikakatika.

Basi binti yake Pongwa, Mwanamvua, akaposwa. Siku ya harusi ikakaribia. Na harusi bila marashi, katika kijiji kile, ilikuwa kama pilau bila mchele. Mkewe Pongwa, Mize, akamwambia, "Mume wangu, nenda kwa shangazi yako."

"Siendi."

"Nani atakukenekea?"

"Nitakeneka mwenyewe. Kuna nini hapo? Chungu, mwanzi, moto!"

Akainjika chungu. Akachomeka mwanzi. Akawasha moto. Maji yakachemka, na mvuke ukatoka kila mahali ila mwanzini. Ukatoka ukingoni mwa mfuniko: fusss! Ukatoka kwenye tundu: fusss! Nyumba ikanukia, paa likanukia, kuku wakanukia. Kibuyuni? Matone machache, hata nzi yasingemtosha kuoga.

"Ahaa," akasema Pongwa, "yapasa kuziba."

Akaenda porini, akaleta ulimbo, ule wa kunasia ndege. Akapaka ukingoni, akapaka kwenye tundu. Akawasha moto. Ulimbo ukapata joto. Ukalegea. Ukatiririka. Ukadondokea motoni, moto ukaruka: buu! Pongwa akashika mfuniko kwa kitambaa, kitambaa kikanasa. Akakivuta kwa mkono wa pili, mkono wa pili ukanasa. Mize akamkuta amesimama na mfuniko kama mtu anayeswalia chungu.

"Nimwite shangazi yako?"

"Usimwite!"

Siku ya kumtia bi harusi hina, Pongwa akajaribu tena. Safari hii alichukua udongo wa mfinyanzi. Akaziba ukingo, vizuri. Akaziba tundu, vizuri. Kisha akatazama pale mwanzi unapoingia kibuyuni, akaona upenyo. Akasema, "Na wewe hutanichezea!" Akaziba mdomo wa kibuyu, kitiki! Akachochea kuni, akakaa mkao wa kungoja.

Wasikilizaji wangu, mvuke ukapanda. Ukapita mwanzini. Ukafika kibuyuni, ukakuta ukuta. Ukarudi. Ukakuta ukuta. Chungu kikaanza kutikisika.

Nduku-nduku-nduku!

"Kinafanya kazi!" akasema Pongwa.

Nduku-nduku-nduku-nduku!

Nyuma ya kiambaza cha jiko, Mwanamvua alikuwa amekaa mkekani, miguu na mikono imejaa hina mbichi. Akaita, "Baba, ni nini hicho kinachogonga?"

"Ni marashi yako, mwanangu!"

Mize hakungoja kuuliza tena. Alikimbia, kanga mkononi, hadi uani kwa Bi Mwatime. "Shangazi! Labda umekasirika nasi, lakini chungu kinacheza ngoma!"

"Mdomo wa kibuyu uko wazi?"

"Ameuziba."

Bi Mwatime hakusema neno la mbuzi. Alichukua upembo, ile fimbo ndefu ya kuangulia matunda, akakimbia na umri wake wote. Alipofika mlangoni akamkuta Pongwa ameinama na kisu, anataka kubandua udongo wa mfuniko.

"Toka hapo! Mvuke utakuchuna uso! Tupa kisu, mbebe mwanao!"

Pongwa akatazama kiambaza. Ndipo akakumbuka nani amekaa nyuma yake. Akaruka, akampakia Mwanamvua mgongoni. Hina ikachora kanzu yake nyeupe viganja viwili kifuani. Akakimbia naye mpaka mwisho wa ua, akitetemeka kuliko chungu.

Mize akainua ndoo. "Nizime moto kwa maji?"

"Usithubutu! Chungu cha moto kikipata maji baridi kitapasuka."

Bi Mwatime akajibanza nyuma ya ukuta wa mawe, akapenyeza upembo mlangoni. Kwanza akasukuma kuni, moja moja, zikatoka chini ya chungu. Chungu bado: nduku-nduku! Kisha akanyoosha upembo hadi kwenye kibuyu. Akakipiga. Udongo ukapasuka, kibuyu kikaanguka.

Fiiiiiiiiiiii!

Mvuke ukatoka kwa hasira. Maua yakaruka nje kama siafu wenye mabawa, yakanata kwenye ukuta wa pili. Yule mbuzi akavunja uzio, akapotea mpaka kesho yake. Taratibu sauti ikashuka. Fiii... fii... fss. Chungu kikatulia, kizima.

Pongwa akamshusha binti yake. Akaja polepole, akapiga goti mbele ya shangazi yake.

"Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ilikukaa kooni siku nyingi hiyo."

"Mbuzi wangu alikukosea. Na mimi nilimshinda yule mbuzi."

Bi Mwatime akacheka kile kicheko chake cha kuku. Kisha akasema, "Chungu kikipoa kabisa, nileteeni unga wa muhogo."

Akakanda unga na maji kidogo, ukawa donge la kinyunya. Akamshikisha Pongwa. "Shika sikio lako, hapa kwenye ndewe. Sasa shika kinyunya. Vikilingana ulaini, basi yatosha." Akavingirisha kinyunya kama kamba, akakizungusha ukingoni mwa mfuniko, akakizungusha penye tundu na mwanzi, akakandamiza kwa kidole gumba. Juu yake akafunga utepe wa kitambaa kibichi. Maua hakujaza chungu, alibakiza nafasi, yasije yakaziba mwanzi. Moto akauwasha mdogo. Mahali pamoja pakalia fss. Akaondoa kuni, akangoja, akapaziba, akaanza tena. Na mdomo wa kibuyu? Aliuacha wazi. Huku akiimba, nanyi mnaitikia:

*Ziba kiungo, mama, ziba!*

Ziba!

*Mdomo wa kibuyu, mama, wacha!*

Wacha!

*Kikivuja kidogo, ukipoze!*

Ukipoze!

*Kipumue, mama, kipumue!*

Kipumue!

To. To. To.

Mwanamvua aliolewa akinukia hata wakwe zake wakasahau kulalamika juu ya safari. Pongwa alijifunza kazi ile mpaka akawa fundi, na kila alipoulizwa nani alimfunza, alimtaja shangazi yake kwanza, jina lake mwenyewe baadaye. Bi Mwatime alipofariki, kijiji kizima kilikanda kinyunya siku ile, kila nyumba ikakeneka, naye katika safari yake ya mwisho alizikwa kwa harufu aliyoitengeneza.

Na watu wa bondeni kule, mpaka leo, wakiona watu wawili wa nyumba moja wamenuniana, hawaulizi nani mkosaji. Husema tu, "Nani ameziba kibuyu?" Ziba penye kuvuja, ndugu zangu, ila kinywa cha salamu kisizibwe. Chungu hupasuka, na kifua nacho hupasuka.

Hadithi yangu nimeimimina yote, kibuyu kiko wazi. Atakaye tone, akinge.