Mwanamume Aliyehamia Ukutani

Mume na mke mmoja, watu wazima wenye wajukuu, walikwenda mjini kununua godoro. Mke alikuwa na maumivu ya nyonga ya kulia tangu alipoteleza kisimani, na kila asubuhi aliinuka kitandani kwa kushika ukuta. Mume alilitazama godoro lao lililobonyea katikati, akasema kosa ni la hilo.

Muuzaji aliwatolea gumu. "Hili ndilo la mgongo, mama. Jaribu."

Mama alivua viatu, akalala chali, miguu pamoja, mkoba juu ya tumbo. "Zuri," akasema.

"Na nyumbani unalala hivyo?"

"Hapana. Sote wawili tunalala ubavu."

"Basi hili litakuumiza. Chukueni la kati, nyonga na bega vipate pa kuzama. Lakini laleni mnavyolala kwenu, mama, godoro halinunuliwi kwa adabu."

Mama akacheka. "Mbele za watu hawa?"

Ndugu zangu, mngelala? Wao walilala. Mume upande wa nje, mke upande wa ndani, wanatazamana, kama walivyolala miaka yote. Kwao mwanamume hulala upande wa mlangoni na mke hulala ukutani. Ndivyo walivyofanya baba zao, na hakuna aliyeuliza sababu.

Nyumbani taa huzimwa kwanza, ndipo watu hulala. Dukani palikuwa na mwanga wa mchana. Kwa hiyo mume alikiona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mkewe alipoegemea ubavu wa kulia, uso ulijikunja, meno yakabana, kisha akatabasamu.

"Hili zuri pia," akasema.

"Mama Aneth, kumbe inauma hivyo?"

"Inauma kidogo. Nikishatulia inapoa."

"Si ungegeuka, ulalie kushoto?"

"Nikigeuka naangalia ukuta, nakupa mgongo. Utasema nimenuna."

Muuzaji, kijana mwenye nia njema, akaona njia. "Mzee, nitawapa mawili membamba. Kitanda chako, kitanda chake. Kila mtu ageuke atakavyo, hakuna wa kununa."

Mama aliketi, akaanza kuvaa viatu. "Kama Baba Aneth ataona ni sawa," akasema. Hakumtazama mtu.

Hapo ndipo ndoa ile ilipofikia siku hiyo, katikati ya duka. Mawili, na kila mtu alale kwake. Au moja, na mama aendelee kuumia akitabasamu.

Mume alikaa pembeni ya godoro, akatazama alipokuwa amelala yeye, kisha alipokuwa amelala mkewe. "Tupe moja," akasema. "Hili la kati. Mimi nitahamia ukutani."

Muuzaji hakuelewa. Mume akamwonyesha kwa mkono. "Yeye akija huku nje, mimi nikiwa kule ndani, akinigeukia atalalia kushoto. Nyonga mbovu inakuwa juu. Na bado tunaonana."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua mito alidakia, "Mzee, mwanaume mzima alale ukutani kama bibi harusi? Mwizi akiingia si atamkuta mama?"

"Akimkuta huyu," mume akasema, "ataokoka hapo hapo."

Duka zima likacheka. Mama alimpiga mumewe begani kwa mkoba. "Baba Aneth wewe! Wanao wakisikia?"

"Waambie. Na uwaambie nalala vizuri."

Wakalifunga godoro kwa kamba, wakaenda nalo nyumbani. Usiku ule mama alilala upande wa mlangoni, ubavu wa kushoto, uso kwa mumewe.

Sasa niambieni, waumini, ni nini kilichomponya yule mama na maumivu ya usiku? Godoro? Godoro lilikuwa zuri, silisemi vibaya. Lakini angelala juu yake upande ule ule wa ukutani, angeendelea kubana meno kwenye sponji mpya.

Na hapo ndipo sisi tunaponaswa. Sisi tukiona mwenzetu anaumia, tunamnunulia kitu. Mama mkwe ananyamaza siku hizi, tunampelekea kitenge. Mke amechoka, tunamletea jiko jipya apikie peke yake. Mzee wa kwaya hasikiki tena kwenye vikao, tunamwandalia zawadi na keki. Tunatoa, Mungu anaona tunatoa. Lakini kitu hakituhamishi. Tukishakitoa, tunarudi kulala pale pale tulipolala, upande wetu, ule tuliopewa na baba zetu na ambao watu watatucheka tukiuacha.

Yule bwana alikuwa na godoro mkononi tayari. Angeweza kuishia hapo na kuitwa mume mwema, na isingekuwa uongo. Yeye akaenda mbele, akatoa nafasi yake, mchana, watu wanamsikia.

Kwa hiyo leo sikutumi dukani. Nakutuma kwa mtu anayekuvumilia karibu kabisa na wewe, anayetabasamu ili usijue. Mtazame vizuri usoni. Muulize panapouma. Akikuambia, usikimbilie kumpa pole.

Hama.