Mpango wa Kumkwepa Mbwa

Ofisi ya Bi. Delphine Kowalke, mshauri wa wanafunzi, ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la sayansi, na dirisha lake lilitazamana na malisho ya chuo, ambako ng'ombe weusi kwa weupe walisimama wakicheua katika ukungu wa Septemba. Wanafunzi wote waliotaka kuwa madaktari wa mifugo walipitia mlango ule. Waliingia wakitabasamu, na baadhi yao walitoka wakiwa wamebadili nia. Si kwamba Bi. Kowalke alikuwa mkali. Alikuwa mkweli tu, na ukweli wake ulikata kama wembe mpya.

Maren Tollefson, mgeni kabisa chuoni hapo, aliketi mbele yake akiwa ameubana mkoba magotini.

"Sikiliza, binti," mshauri yule alianza. "Watu wanadhani miaka hii minne ni ya kutafuta shahada, halafu ndiyo waanze kufikiria chuo cha udaktari wa mifugo. Wanajidanganya. Safari inaanza leo. Kemia mwaka huu, kemia ogania mwakani, bayokemia na jenetiki mwaka wa tatu. Fizikia usiikimbie. Na somo likikushinda usininyamazie. Njoo mbio tuzibe pengo mapema."

"Sawa, Bi. Kowalke."

"Hayo ni ya darasani. Wenye alama nzuri ni wengi kama mchanga. Wasaili wa chuo hicho watataka kujua pia umefanya kazi na wanyama gani. Ng'ombe, farasi, paka, mbwa. Na daktari aliyekuona kwa macho yake athibitishe." Alivua miwani, akamtazama. "Haya, niambie. Kuna kitu kinachokutisha? Damu? Hesabu? Kila mtu ana chake."

Neno "mbwa" lilikuwa bado linazunguka kichwani mwa Maren kama nyigu aliyefungiwa chumbani. Hata hivyo alicheka, tena kwa sauti.

"Mimi? Mimi nimekulia zizini! Nilitambaa katikati ya miguu ya ng'ombe."

"Jibu zuri hilo," alisema Bi. Kowalke akirudisha miwani. "Haya, tuandike mpango wako."

Ukweli ni kwamba Maren aliwaogopa mbwa kuliko kifo. Alipokuwa na umri wa miaka saba, alitumwa kupeleka mayai kwa jirani yao, Bwana Grunwald. Mbwa wa Grunwald alimrukia njiani, akamlaza kifudifudi kwenye theluji, akaishika kola ya koti lake kwa meno na kumngurumia sikioni. Hakumuuma. Alisimama tu juu ya mgongo wake, mate yake ya moto yakimchuruzika mtoto yule shingoni, mpaka alipochoka akaondoka. Maren alirudi nyumbani akasema ameanguka, ndiyo maana mayai yamevunjika. Mama alimfuta machozi, baba akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Angemwambiaje baba? Verlyn Tollefson alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Wisconsin, na kila Ijumaa jioni watu walipokusanyika kula samaki wa kukaanga, hakuwa na wimbo mwingine ila mwanawe. "Huyu Maren wangu, hata fahali anamshika pua!" alisema huku akipiga meza. "Hajui woga ni mnyama gani." Watu walicheka na kumpigia Maren makofi, naye alitabasamu huku masikio yake yakisikiliza kama kuna mbwa anayebweka nje. Kila mwaka sifa zile zilimkaza shingoni kama kitanzi.

Basi akafanya lile ambalo waoga wenye akili hulifanya: akaupangilia woga wake. Kila muhula alipochagua masomo na kazi za likizo, alichagua kwa kumkwepa mbwa. Alikwenda kuzalisha ng'ombe, akaenda kwenye zizi la farasi, akatumia likizo nzima akihesabu vifaranga vya samaki katika mabwawa ya serikali. Darasani aliwaka kama taa. Kemia ogania, iliyowaliza wenzake, yeye aliimeza. Lakini akiona mtu anakuja na mbwa barabarani, alivuka ng'ambo ya pili akijifanya anazungumza kwa simu.

"Mbwa na paka lini?" Bi. Kowalke aliuliza kila walipokutana.

"Muhula ujao."

Muhula ujao ulizaa muhula ujao mwingine. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu, mshauri yule aliweka kalamu chini.

"Maren, mpango wako unapendeza, lakini una tundu. Maombi yanatumwa Septemba. Huko mjini madaktari wengi wanatibu mbwa kutwa kucha. Watakuuliza." Kabla Maren hajafungua mdomo, mshauri alikwisha kunyanyua simu. "Orrin? Delphine hapa. Nina msichana mmoja, chuma cha pua. Umpokee kiangazi hiki."

Maren alitoka humo akiwa amelowa kijasho mgongoni, ingawa nje kulikuwa na baridi.

Dokta Orrin Zastrow alikuwa mzee mrefu mwenye kuchechemea, aliyetibu wanyama wa mji mdogo wa kwao Maren tangu wazazi wa Maren walipokuwa watoto. Alimpokea kwa mkono mpana na mzaha.

"Kumbe wewe ndiye binti wa Verlyn! Baba yako ametuchosha na habari zako. Karibu, shujaa."

Kiangazi kile kilikuwa jehanamu. Kila asubuhi Maren alikaa garini mbele ya kliniki akivuta pumzi, vidole vikiwa vimeganda kwenye usukani, mpaka alipojikaza kisabuni akaingia. Alijitolea kuosha vyombo, kupima kinyesi kwa hadubini, kupokea simu, kuwashika paka wenye hasira waliomchana mikono. Mbwa akiletwa, yeye alikuwa na jambo la haraka stoo. Kila kubweka kulimpasua moyo. Hata usingizini aliusikia mngurumo ule sikioni.

"Sijapata mfanyakazi kama huyu," Dokta Zastrow alimwambia msaidizi wake. "Hata choo ameosha, wala sijamtuma!"

Siku moja ya Julai, msaidizi akiwa ameenda kula, mkata miti mmoja aitwaye Peplinski aliingia akiburuta mbwa wake, dume kubwa la rangi ya kutu. Mbwa alikuwa amekutana na nungunungu. Miiba ilikuwa imejaa puani, mdomoni na kidevuni, na damu ilikuwa imechanganyika na mate. Alikuwa akilia kilio kinachofanana na cha mtu.

"Maren!" Dokta aliita. "Njoo. Peplinski mwenyewe anataka kuzirai, mwache akae nje. Shika kichwa cha huyu bwana nimdunge sindano ya usingizi. Mkumbatie hivi, nyuma ya masikio. Usimwachie mpaka nikwambie."

Hakukuwa na choo cha kuosha. Hakukuwa na simu inayolia. Maren alisogea kama mtu aendaye kunyongwa, akaikumbatia shingo ile yenye joto. Alihisi moyo wa mbwa ukidunda, na wake ukidunda zaidi. Dokta aliinama na sindano.

"Umemshika?"

"Nimemshika," alisema Maren.

Sindano ilipogusa ngozi, mbwa alinguruma. Mngurumo ulipita mikononi mwa Maren ukamwingia kifuani, naye hakuwa tena kliniki. Alikuwa kifudifudi kwenye theluji. Mikono yake ikafunguka. Mbwa aligeuka kama umeme. Maren alisikia meno yakigonga mfupa, akamsikia mzee akipiga ukelele, na alichokumbuka baadaye ni mlango wa stoo ukifungwa nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe.

Alijibanza kati ya magunia ya chakula cha mifugo, ameziba masikio.

"Maren!" sauti ya Dokta ilimfikia. "Maren, nisaidie!"

Alisikia. Hakutoka. Peplinski ndiye aliyeingia na kumvuta mbwa wake, ndiye aliyeufunga mkono wa mzee kwa taulo na kumkimbiza hospitali.

Meno yalikuwa yamekata kano ya kidole gumba cha mkono wa kulia, ule wa kushikia kisu. Madaktari waliishona, lakini hawakuahidi kitu.

Siku chache baadaye Dokta Zastrow alirudi kliniki kuketi tu, mkono ukiwa umefungwa kama mtoto mchanga. Maren alisimama mbele yake. Mzee alimtangulia kusema.

"Usijilaumu. Mikono iliteleza. Hutokea."

Njia ilikuwa wazi, pana kama barabara kuu. Maren akaipita. "Ndiyo," alinong'ona. "Iliteleza."

Kuanzia hapo woga wake ukawa na pacha. Zamani aliwaogopa mbwa. Sasa alimwogopa pia mzee aliyemtendea wema. Chakula kilimwia kichungu. Baba yake alimpigapiga begani akisema, "Hata mimi ng'ombe alishanivunja mbavu, mwanangu. Kazi ya wanyama ndivyo ilivyo." Kila neno la faraja lilimchoma kama miiba ile.

Agosti ilipokaribia kwisha, alimkuta Dokta Zastrow mezani akiandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikwenda upande kama walevi. Kijasho kilimtoka mzee usoni.

"Barua ya kukupendekeza chuoni," alisema. "Usicheke mwandiko. Nimefika hapa kwenye ushujaa, nikakwama. Nitumie neno gani?"

Maren alishika ukingo wa meza.

"Dokta, usiandike. Haikuteleza. Nilimwachia." Kisha maneno yakamtoka kama maziwa ya ndoo iliyopigwa teke. "Naogopa mbwa. Naogopa tangu nina miaka saba. Ulipoita nilikusikia. Nilikuwa stoo, nilikusikia, sikutoka."

Mzee aliweka kalamu chini. Uso ulimwiva. Maren alisubiri kufukuzwa, na kwa kweli alitamani afukuzwe upesi.

"Ungeniambia," hatimaye alisema kwa sauti ya chini, "ningemfunga mbwa mdomo kwanza. Ningemngoja msaidizi amalize kula. Nina njia kumi za kumdunga mbwa peke yangu! Lakini nilisimama pale nikijua tuna mikono minne. Kumbe tulikuwa na miwili."

"Nisamehe, Dokta."

"Usiniombe leo. Leo nina hasira." Aliikunja karatasi, akaitupa kapuni. "Barua mwaka huu huna. Nenda kamwambie Delphine. Nenda kamwambie na baba yako. Ukishamaliza, Jumatatu uje. Mimi naogopa farasi tangu mmoja aniponde nyonga hii, na mji mzima unajua. Ndiyo maana hawaniiti. Hujaona mtu aliyekufa kwa kusema."

Bi. Kowalke alisikiliza hadi mwisho, akaandika upya mpango wa Maren, maombi yakisogezwa mbele mwaka mzima. Baba yake ndiye aliyemtia hofu zaidi. Verlyn alisikia habari zile akiwa amesimama kati ya ng'ombe wawili. Hakucheka.

"Mbwa wa Grunwald," alirudia. "Na mimi niliendelea kukutuma kule na mayai." Alimgeuzia mgongo, akajifanya anakagua kiwele, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mwaka ule wa kungoja haukuwa mwepesi. Siku za mwanzo Dokta Zastrow alimweka chumba kimoja na mbwa kikongwe asiye na meno, aliyelala kutwa, na Maren alitapika alipofika nyumbani. Polepole akafika kumgusa. Kisha akawagusa wenye meno. Woga haukumtoka, ila alijifunza kuutaja. "Dokta, huyu ananitisha," alisema mbele ya wateja, na mzee alijibu, "Haya, tumfunge mdomo," na kazi ikaendelea. Mwisho wa mwaka, yeye ndiye aliyeshona na mzee ndiye aliyeelekeza, maana kidole gumba kile hakikukunjika tena.

Katika usaili, mwanamke mmoja wa jopo alipekua maombi yake na kukunja uso. "Umefanya kazi na kila mnyama mwingine mapema. Mbwa wote ni wa mwaka wa mwisho. Kwa nini?"

Angeweza kusema nafasi zilikosekana, na nani angejua? Badala yake aliwaeleza yote, stoo na magunia na sauti iliyomwita, bila kujipamba. Hakuna aliyetabasamu. Alitoka akiamini ameuzika mustakabali wake kwa mikono yake.

Alingoja majira ya baridi yote, akishtuka kila simu ilipolia. Theluji ilipoanza kuyeyuka, chuo kilimpigia: amekubaliwa. Mwanamke yule wa jopo ndiye aliyezungumza. "Tulikuwa na wengi waliosema hawaogopi chochote," alimwambia. "Hatukujua tuwaaminije."

Maren aliendesha gari hadi kliniki. Dokta Zastrow alisikiliza, akampa mkono wa kulia, na Maren akakihisi kidole kile kigumu kikilala kiganjani mwake kama kijiti. Hapakuwa na neno la kukirudishia uhai. Alilia pale pale, kwa furaha na kwa aibu, na hakujaribu kuyaficha machozi. Tangu utotoni aliutunza woga wake gizani, ukamgharimu mwaka wake na mkono wa mtu mwema. Siku alipoutoa nje ndipo alipopata wa kumsaidia. Hakika, mficha uchi hazai.