Fundi Bardi na Neno Lililoachiwa Nafasi

Imepokewa katika habari za waliotutangulia kwamba katika milima ya Arbani, nchi ya Watu wa Kitabu iliyobanwa baina ya mfalme wa Rumi na wafalme wa Waslavi, palikuwa na mchonga mawe mcha Mungu aliyeitwa Bardi. Jina hilo kwa lugha yao ni Mweupe, na vumbi la mawe lilimthibitishia jina lake kila siku, kichwani na ndevuni. Kwa miaka arubaini alichonga maandishi juu ya makaburi na milango ya nyumba za ibada, na hali hakujua kusoma hata herufi moja. Karani alimchorea kwa chaki, naye akafuata kwa tindo.

Siku zile askari wa Rumi walikuwa wameiacha ngome ya mlimani, na koo tatu za wafugaji zikamchagua Tanushi, mtu shujaa, aishike ngome na awe mkuu wao. Sharti lao lilikuwa moja tu: malisho ya mlima yabaki ya watu wote, kama yalivyokuwa zama za baba yake Tanushi, ambaye hakuwa mtawala bali mlinzi wa njia ya mlimani. Tanushi akaridhia. Lakini aliyekwezwa juu ya kiti kirefu huanza kuona mbali kuliko haki yake. Mwaka wa tatu akaamuru lichongwe jiwe la kumkumbuka baba yake, lisimamishwe mlangoni pa kanisa, na wazee wa koo tatu waje waapie utii juu yake.

Yafaa ijulikane kwamba watu wa milima ile waliapa kwa jiwe. Mwenye madai aliweka kiganja juu ya jiwe akasema neno lake. Mwenye kumkanusha naye akaweka kiganja chake akasema lake. Nao waliitakidi kwamba aapaye uongo atalibeba jiwe lile shingoni mwake Siku ya Malipo. Kwa hiyo lililochongwa juu ya jiwe la kiapo halikuwa pambo. Lilikuwa ndiyo sheria.

Karani wa Tanushi, jina lake Lazari, akayachora maandishi na kumkabidhi Bardi kazi. Asichokijua Lazari ni kwamba mzee huyu, ndevu zikiwa zimekwisha kuwa nyeupe bila msaada wa vumbi, alikuwa amejifundisha kusoma. Hakuwa na mwalimu ila makaburi. Alikuwa akijua kila kaburi ni la nani, basi alilinganisha kaburi la Mara na kaburi la Marko, akaona yanapofanana na yanapoachana, akaendelea hivyo majira ya baridi matano. Hakumwambia mtu ila mkewe, Prenda, naye alimtania kwamba wengine huenda makaburini kulia, mume wake huenda kudurusu.

Bardi alipofika mstari wa mwisho, mkono ukasita. Palipostahili kuandikwa mlinzi wa njia paliandikwa mwenye milima. Neno lile alilitambua vizuri, kwa kuwa amelichonga juu ya makaburi ya mabwana wanane, na hakulichonga juu ya kaburi la mlinzi hata mmoja. Akafahamu maana yake: wazee watakapoapa juu ya jiwe lile, watakuwa wameapa kwamba malisho ni milki ya baba yake Tanushi, na mwana humrithi baba.

Akamwendea Lazari, akamwomba kwa adabu amsomee mstari wa mwisho, apate kujua anachonga nini. Lazari akacheka, akasema, "Fundi, nyundo nayo imeanza kutaka tafsiri? Kesho punda wako ataomba kuhubiri." Kisha akausoma, bila kukwama: mlinzi wa njia.

Hapo Bardi akajua kwamba hayakuwa makosa ya chaki. Akajua pia kwamba amepewa udhuru ulio kamili. Atachonga, na watu watasema mzee hakujua kusoma. Na akiulizwa, atasema nimesomewa hivi. Akikataa, desturi ya ngome ilikuwa bayana: fundi aliyeliharibu jiwe la bwana alikatwa kidole gumba, na mchonga mawe asiye na gumba ni mwombaji.

Akarejea nyumbani, akamweleza mkewe. Prenda alikuwa akikamua mbuzi, wala hakusimama. Akasema, "Baba, miaka mitano ulimwomba Mola akufungulie macho, nami nikaitikia amina. Amekufungulia. Sasa wataka kumrudishia?"

Bardi akatwaa nyundo na tindo. Akaenda akamaliza kuchonga, akaupa kila mstari haki yake, ila neno lile moja. Mahali pake akapasugua pakawa laini, na chaki ikafutika.

Asubuhi ya siku moja kabla ya kiapo Tanushi akaja kulitazama jiwe, karani akiwa nyuma yake. Naye hakujua kusoma, lakini pengo halihitaji elimu kuonekana. Akauliza. Bardi akamjibu kwamba amepaacha kwa sababu neno lililochorwa si neno lililosomwa, na tindo lake haliwezi kuchonga mawili mahali pamoja. Lazari akabadilika uso. Tanushi hakumtazama karani wala hakushangaa. Kwa jinsi hiyo Bardi akajua amri ilitoka wapi.

"Tangu lini wasoma?" akauliza Tanushi.

"Tangu wafu waliponifundisha, bwana."

Tanushi akamwita askari mwenye shoka, kisha akamwambia mzee, "Weka mkono."

Bardi akaweka kiganja cha kulia juu ya jiwe, gumba likiwa limetanuka. Na mkao wa kukatwa ndio mkao wa kuapa. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Kwa jiwe hili na uzito wake: baba yako Deda alikuwa mlinzi wa njia. Mbuzi wetu aliwajua kwa kengele zao, na hakuwahi kusema ni wake."

Askari akaliweka shoka chini bila kukata. Kiapo kimekwisha kutamkwa, na hakuna mtu wa milima ile ambaye angemkata aliyeapa kabla hajakanushwa kwa kiapo. Wote wakamgeukia Tanushi. Naye akaweka kiganja chake kando ya kile cha mzee. Akasema, "Kwa jiwe hili na uzito wake: baba yangu…" Inasemwa alinyamaza mpaka umande ukakauka juu ya jiwe. Mwishowe akasema, "Baba yangu alikuwa mlinzi wa njia." Akauondoa mkono, akamwambia Bardi, "Chonga ulichoapa," akaenda zake. Hakumwadhibu wala hakumtunza.

Kesho yake wazee wakafika. Lazari akasogea ili asome, lakini mkubwa wa wazee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akasema kwamba amesikia yupo mwingine ajuaye. Ndipo Bardi akasoma mbele ya watu kwa mara ya kwanza, akifuata kila herufi kwa gumba lake, polepole, kama atembeaye juu ya daraja jipya. Alipofika neno la mwisho, wazee wakaweka viganja vyao, wakaapa.

Ndugu zangu katika imani, asiyejua huenda akasamehewa. Lakini mja aliyeomba nuru akapewa, kisha akajifanya bado yumo gizani, atamwambia nini aliyempa? Watawala wa Arbani walikuja na vyeo virefu kuliko cha Tanushi, wakapita. Mola atujaalie tusome tunachokijua, hata kama gumba liko juu ya jiwe.