Bomba la Bwana Kisoka

Majitaka ya kiwanda cha vitenge, yaliyomwagwa mtoni, yaliua mchicha wote wa Bi Namvua, lakini Bwana Kisoka, mwenye kiwanda, alikuwa haambiliki. Kisima chake kilipokauka, alikuja mkutanoni kuwaomba wanakijiji maji safi ya mto.

"Vuta bomba mpaka shambani kwangu, bwana mkubwa," Namvua akasema kwa upole. "Chota utakavyo, mradi usichote pengine."

Kisoka akaapa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. "Mama, una roho nzuri! Shamba lenyewe liko wapi?"

"Hapo chini tu, mto ukishapita kiwandani kwako."

Watu wakaangua kicheko. Wiki hiyohiyo mafundi wakaanza kujenga mabwawa ya kusafishia majitaka, na Kisoka mwenyewe akashinda pale juani akiwahimiza.