Gia Haimjui Mkwe

Gia haimjui mkwe. Mwalimu Hoza, mzee anayetufundisha udereva, alilisema neno hilo siku mwanafunzi mwenzetu Zuhura alipokwaruza gia kisha akanong'ona, "Hamna kitu, Mwalimu." Tulicheka, tukamwuliza limetoka wapi. Akazima injini, akatuambia lilivyozaliwa.

Kule milimani Lushoto aliishi dereva wa pikapu aitwaye Shekuwe. Kila asubuhi alivua shati, akalala chali, akachungulia uvunguni mwa gari kama kuna oili iliyovuja. Siku moja ndiyo kwanza anafungua vifungo, akasikia hodi. Alikuwa mama mkwe wake, amembeba mgongoni Sikudhani, binti mdogo wa Shekuwe.

"Tushushe Mombo, baba. Leo ni siku ya mtoto ya kliniki."

Shekuwe akafunga vifungo upesi, macho chini. Alale chali, kifua wazi, mbele ya mkwe? Heri afe. Akawasha gari.

Gia ya kwanza ilikwaruza.

"Ni kawaida hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Kawaida, Mama."

Ya pili ilikubali baada ya kukanyaga klachi mara tatu, nne. Pedali ilikuwa laini, kama anakanyaga tope. Shekuwe alijua maana yake: oili ya klachi inavuja. Jasho likamtoka. Mama mkwe alimtupia jicho, akageukia dirishani, hakuuliza tena.

Mteremko ulipokuwa mkali, Shekuwe alitoa gia ya tatu ili aweke ya pili. Pedali ikazama mpaka chini, haikurudi. Gia ikagonga, ikakataa. Sasa gari lilikuwa frii. Injini hailishiki tena, linateremka kwa uzito wake. Alikanyaga breki mpaka harufu ya kuungua ikajaa ndani, nazo zikaanza kulegea. Kushoto kulikuwa na bonde, na vilele vya miti vilionekana chini yao. Sikudhani alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake.

"Baba Sikudhani," mama mkwe alisema, "kuna nini?"

"Hamna... Mama, ni..."

"Sema! Haya utanionea kesho, kama kesho tutaiona!"

"Gia haiingii! Klachi imekufa, breki zinakwisha! Mikono yangu haitoshi, Mama. Vuta hiyo breki ya mkono, kidogo kidogo!"

Mama mkwe akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, kwa wa pili akavuta, karibu kabisa na goti la mkwewe. Mwendo ukapungua. Shekuwe akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga, akaachia, mpaka pedali ikapata nguvu kidogo. Gia ya pili ikaingia kwa kishindo. Injini ikanguruma, ikalishika gari, likaenda kuegemea ukingo wa udongo upande wa mlima, likasimama.

Sikudhani aliamka, akaomba maji.

"Asubuhi nilitaka kulala uvunguni niangalie," Shekuwe akasema. "Nikakuonea haya."

"Na mimi niliogopa tangu ilipokwaruza mara ya kwanza." Mama mkwe alikuwa analia sasa. "Nilitaka kukwambia simama, tushuke. Nikaona nitakuvunjia heshima. Nisikilize, baba. Heshima ni yetu sisi watu. Gia haimjui mkwe."